Mzizi Uko Nje, Mche Bado Hai: Tufanye Nini?

Maswali ya wasomaji: kitalu na bustani

Mvua za Septemba zimeanza kushika na vitalu vimejaa. Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: mbegu imeota, lakini mzizi umelala juu ya udongo badala ya kuingia chini. Tumezijibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo kosa dogo huua mche, na mengine ni mafupi kwa sababu hakuna zaidi la kusema.

Salamu kwenu. Nilisia nyanya kwenye beseni kuukuu nililolitoboa chini. Leo ni siku ya saba. Zimeota, lakini nyingi zimelala ubavu na mzizi mweupe unaonekana wote, kama sentimita mbili. Jirani anasema nizibonyeze chini kwa kidole. Nimsikilize? — Mama wa Busia

Hapana, mama. Tafadhali usibonyeze.

Mche wa umri huo una shina jembamba kuliko njiti ya kiberiti, na mzizi wake haujapata matawi. Ukiubonyeza, kinachovunjika kwanza ni ncha ya mzizi, na ncha ndiyo inayokua. Nyuma kidogo ya ncha kuna vinyweleo vidogo sana, kila kimoja seli moja tu. Hivyo ndivyo vinavyonyonya maji kutoka kwenye udongo, na katika jua la saa sita mchana hukauka kwa dakika chache. Kwa hiyo hatari ya kwanza ni jua na upepo, na hatari ya pili ni mkono wa binadamu. Ondoa jua kwanza, kisha lete udongo kwenye mzizi. Mzizi wenyewe usisukumwe kwa nguvu.

Peleka beseni kivulini sasa hivi, kabla hata ya kwenda kutafuta udongo. Rashia maji kwa vidole mpaka mizizi ing'ae. Ukiwa na kitambaa chepesi, kiloweshe, ukikamue, ukitandaze juu ya beseni bila kugusa miche. Hapo umepata saa moja au mbili za kufanya kazi bila haraka.

Changanya viganja vitatu vya udongo wa juu, viwili vya mboji iliyooza vizuri na kimoja cha mchanga wa mto uliooshwa. Chekecha kwa chekecheke ya unga. Ulowe kiasi kwamba ukiufinya unashikana, lakini maji hayatoki kati ya vidole. Udongo mkavu ukiumwaga juu ya mzizi uchi utaunyonya maji badala ya kuupa.

Sasa chukua kijiti cha mshikaki. Toboa shimo kando kabisa ya mzizi, kina chake kizidi urefu wa mzizi kwa nusu sentimita. Mche ushike kwa jani moja la mbegu, yale majani mawili ya kwanza yaliyo marefu na laini. Usishike shina hata kidogo. Jani likichanika mche utaishi kwa lile la pili mpaka majani ya kweli yatoke, ila shina likipondwa hakuna dawa. Lowesha ncha ya kijiti, uiguse kwenye mzizi. Mzizi utanata kwenye kijiti na utakubali kushuka nacho shimoni. Mche ushuke mpaka majani ya mbegu yabaki nusu sentimita hivi juu ya udongo. Kwa nyanya hilo ni jema, kwa sababu shina lake likifukiwa huotesha mizizi mingine.

Wengi huharibu kazi wakati wa kuziba shimo. Ukibonyeza udongo kwa juu tu, unaziba mdomo wa shimo na kuacha pango la hewa chini, na mzizi unaning'inia humo mpaka unakauka. Badala yake, choma kijiti chini sentimita moja kutoka kwenye mche, kisha kiegemeze kuelekea mche ili udongo usogee kutoka chini na kuukumbatia mzizi. Kile kitundu cha pili kijaze udongo uliouchekecha.

Miche iliyosimama yenyewe lakini shingo ya mzizi iko nje usiing'oe. Imwagie udongo ule uliochekechwa kwa kijiko, pole pole, mpaka ifunikwe hadi chini kidogo ya majani ya mbegu. Basi.

Kuhusu maji, kikombe kinachomwaga kwa mdomo mmoja ndicho mara nyingi kilichofukua mizizi mwanzoni. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, pasha sindano moto, toboa kifuniko matundu kumi. Elekeza maji ukutani mwa beseni, yasipige miche moja kwa moja. Njia bora zaidi, kwa kuwa beseni lako lina matundu, ni kuliketisha ndani ya karai lenye maji ya kina cha vidole viwili, uliache mpaka juu pabadilike rangi, kisha ulitoe lichuruzike.

Liweke kwenye kivuli chenye mwanga kwa siku mbili. Siku ya tatu lipe jua la asubuhi, saa moja hadi saa tatu, na uongeze kidogo kidogo. Asubuhi ya pili miche itakuwa imeonyesha hali yake: iliyosimama imeshika. Iliyolala bado, angalia ncha ya mzizi wake. Ikiwa nyeupe na ngumu kidogo, subiri siku mbili nyingine. Ikiwa ya kahawia na inateleza, itoe.

Tukirudi kwenye chanzo, mbegu zako zilikaa juu mno au udongo ulishindiliwa. Mbegu inapotoa mzizi, uzito wa udongo ulio juu yake ndio unaoishikilia mzizi ukichimba. Bila uzito huo mzizi unasukuma, udongo unakataa, na mbegu ndiyo inayonyanyuka. Mara ijayo fukia nyanya sentimita moja, kisha kandamiza kidogo kwa ubao. Ukiona pia miche yenye ganda la mbegu limegoma kichwani kama kofia, sababu ni ileile: haikupita kwenye udongo wa kutosha kulivua ganda. Lidondoshee tone la maji, subiri robo saa, na ulivute kwa upole. Likikataa, rudia tena kesho.

Nimeotesha pilipili kwenye trei. Mizizi iliyo juu ina manyoya meupe. Je, ni ukungu? Nipulize dawa? — Kijana, Koboko

Usipulize chochote kwanza, ndugu. Rashia maji juu ya manyoya hayo. Yakilala na kupotea machoni, kisha yakarudi mzizi ukikauka kidogo, ni vinyweleo vya mzizi na ni dalili ya afya. Ukungu haupotei kwa maji. Vilevile vinyweleo hukaa kwenye mzizi peke yake, tena vimejipanga kama brashi ya kuoshea chupa, wakati ukungu hutandaa kama utando wa buibui hadi kwenye udongo na mbegu ambazo hazikuota. Wengi wamepulizia mizizi mizima dawa ya kuvu na kuiunguza. Funika mizizi kwa nusu sentimita ya udongo uliochekechwa, inatosha.

Ndugu wataalamu, nina kitanda cha kahawa ya robusta ambacho kimefika hatua ya askari. Mvua kubwa ya wiki iliyopita imefumua upande mmoja, na miche mingi mizizi iko nje. Nilipoiinua nikaona mingine mzizi umepinda kama ndoano. Je, niipande kwenye kaveera (mifuko ya plastiki) hivyohivyo, au niirudishe kitandani? — Mkulima, Masaka

Umebahatika katika jambo moja: hatua ya askari, pale shina limenyooka na kubeba punje kichwani kabla majani hayajafunguka kama kipepeo, ni wakati mzuri wa kuhamisha. Usiirudishe kitandani. Miche iliyofumuliwa inataka kuguswa mara moja tu, kwa hiyo iende moja kwa moja kwenye kaveera.

Jaza kaveera siku moja kabla: sehemu tatu za udongo wa juu wa msitu au wa chini ya migomba, moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu, moja ya mchanga. Hakikisha kila kaveera ina matundu chini na ubavuni. Mwagilia jioni, ulale, asubuhi udongo utakuwa umetulia na utaona zilizopungua zijazwe tena.

Asubuhi na mapema, au siku ya mawingu, koroga udongo mwekundu na maji kwenye beseni mpaka upate uji mzito. Miche yote iliyoinuliwa izamishwe mizizi humo, chini ya kivuli. Uji huo huufunika mzizi na kuuzuia usikauke mkononi. Usiinue zaidi ya ile utakayomaliza kupanda kwa nusu saa. Kazi hii ni nyepesi mkiwa watatu: mmoja anainua kwa kijiti au kijiko, mmoja anachagua, mmoja anapanda.

Anayechagua ndiye mwenye kazi kubwa, na hapa tunakuomba uwe mkali. Mzizi ulionyooka, upandwe. Mzizi mkuu uliopinda kama ndoano, uliojifunga fundo au ulio na pacha wawili waliosokotana, utupwe. Tunajua inauma kutupa mche mbichi wenye punje nono kichwani. Lakini mzizi wa kahawa uliopinda haunyooki baadaye. Mti utaota, utatoa majani mazuri, utakupa matumaini miaka miwili au mitatu. Kisha kiangazi cha Januari na Februari kikikaza utanyauka wakati jirani zake wako kijani, kwa sababu hauna mzizi ulioshuka hadi kwenye unyevu. Ukibeba mzigo mkubwa, utainama. Hapo utakuwa umeshaulipia shimo, samadi, palizi na miaka.

Kupanda: toboa katikati ya kaveera kwa kijiti cha unene wa kidole gumba, kina kizidi urefu wa mzizi. Shusha mche chini zaidi ya unapotaka ukae, kisha uvute juu sentimita moja. Mvuto huo mdogo ndio unaounyoosha mzizi. Usipofanya hivyo, ncha hugota chini na kujikunja, na unaanza kutengeneza ndoano mpya kwa mikono yako. Mzizi ukiwa mrefu kuliko shimo, ukate kwa wembe mkali ubaki kama sentimita kumi. Kuukata ni salama, kuukunja si salama. Shingo, pale rangi ya mzizi inapoishia na rangi ya shina inapoanza, ibaki usawa wa udongo, si chini zaidi. Ziba kwa kuegemeza kijiti kama tulivyomweleza mama wa Busia.

Kivuli cha matete kiwe juu kiasi cha mtu kuinama na kupita, kinachopitisha nusu ya jua hivi. Mwagilia asubuhi. Usitie mbolea ya chumvichumvi mpaka majani ya kweli jozi mbili yatoke. Chumvi hiyo kwenye mzizi uliojeruhiwa huvuta maji kutoka ndani ya mzizi kwenda nje, na mche hunyauka ukiwa ndani ya udongo uliolowa.

Ndoano nyingi kitandani hutokea kwa sababu mbegu zilitupwa tu. Punje ya kahawa ina upande bapa wenye mfereji, na upande huo ulale chini, kina cha sentimita moja. Inachosha kuzipanga moja moja, lakini hapo ndipo unaponunua mizizi iliyonyooka. Na usitumie maelezo haya kwa miche ya KR, zile robusta zinazostahimili mnyauko uliovamia kahawa yetu tangu miaka ya 1990. Hizo huoteshwa kwa vipande vya shina, hazina mzizi mkuu mmoja bali kadhaa inayotawanyika, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Vitunguu vyangu vimetoa mzizi juu badala ya chini. Kila kimoja kimechomoza kama kitanzi, ncha zote mbili ziko ardhini. Nimeanza kuvifukia. — Mbale

Acha kufukia, tafadhali. Hicho si mzizi. Kitunguu huchomoza jani lake la kwanza likiwa limekunjwa, kama sindano iliyopindwa, kisha hunyooka na kutoa ganda jeusi la mbegu hewani. Ukifukia kitanzi unalirudisha jani gizani, na akiba ya mbegu ndogo kama ile haitoshi kulichomoza mara ya pili. Uliyokwisha kuifukia, ondoa udongo kwa kupuliza kwa mdomo au kwa brashi laini leo hii.

Vitanzi vikishanyooka na ukaona kweli uzi mweupe nje chini ya kijani, tandaza mchanga mwembamba uliochanganywa na mboji, unene wa nusu sentimita tu. Kitunguu hakipendi kuzikwa shingo.

Tumeokota mbegu za mti wa shea tukazisia kwenye kaveera ili tupande kuzunguka nyumba. Mbegu ilipasuka, ikatoa kitu kinene kama kidole cha mtoto kikiinama kuelekea chini. Sehemu yake iko nje. Wiki tatu zimepita hakuna jani. Nilifukua moja kuangalia, ikakatika. Tatizo ni nini? — Mzee, Gulu

Mzee wetu, hakuna tatizo lolote isipokuwa lile la kufukua. Tunakushukuru kwa swali hili kuliko yote, kwa sababu miche mingi ya shea hufa kwa njia hiyo hasa, mikononi mwa watu wanaoipenda.

Mti huu, ambao kwenu huitwa yaa, hauoti kama maharagwe. Kile kinene unachokiona unakidhani mzizi, na hata wataalamu huuita mzizi wa uongo. Kwa kweli ni mrija uliotokana na vikonyo vya majani ya mbegu, na ndani ya ncha yake umebebwa mche wenyewe, mdogo sana. Mrija unaupeleka mche chini ya ardhi kwanza. Ukifika sentimita kadhaa chini, mzizi wa kweli huendelea kushuka, na chipukizi hupasua ubavu wa mrija na kuanza safari ya kurudi juu. Kwa hiyo jani halitatoka kwenye mbegu. Litatoka ardhini kando ya mbegu, na linaweza kuchukua wiki kadhaa kufika. Katika nyika ambayo huungua kila kiangazi, njia hiyo inauficha mche mchanga mbali na moto.

Ulipofukua, uliukata mrija juu ya mahali chipukizi lilipokuwa, au ulilivunja chipukizi lenyewe. Mbegu iliyobaki na kipande cha juu haitatoa kitu. Lakini kipande kilichobaki chini usikitupe kwa haraka. Kikiwa kigumu na chenye unyevu, kifukie, kiache, umwagilie kwa kiasi.

Kwa zile ambazo mrija uko nje: udongo usogee, mrija usisogee. Usijaribu kuunyoosha wala kuuzika kwa kuusukuma, kwa kuwa ni mwororo na hukatika kama mhogo mbichi. Mwaga udongo laini wenye unyevu kuuzunguka mpaka ufunikwe kwa sentimita tatu hivi, ukiwa na mbegu yake palepale. Mbegu usiikate wala kuivuta hata ikionekana imekauka nje, kwa sababu chakula cha mche kiko humo, na kinapita kwenye mrija huohuo. Weka matandazo ya majani makavu juu ili mvua isifukue tena. Zungushia seng'enge au miiba, maana panya na kuku hufuata mbegu hiyo yenye mafuta.

Kaveera fupi ni mtego. Mzizi wa shea hushuka sana kabla ya jani kutokea, ukagota chini na kujizungusha. Tumia mfuko wenye kina cha sentimita 30 au zaidi, au, ikiwa mahali pa kupanda pamekwisha kuamuliwa, sia mbegu palepale mti utakapokaa. Sia mbegu mbichi, ndani ya siku chache tangu kuokotwa. Mbegu ya shea haivumilii kukaushwa na kuwekwa akiba kama mahindi.

Mzee, mti huu huchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa vizuri, na kwa miaka mingi umekatwa kwa makaa kuliko unavyopandwa, mpaka serikali ikatoa amri mwaka 2023 ya kuzuia biashara ya makaa kaskazini mwa Uganda. Kaveera zako hizo chache zina maana. Ziache mahali pamoja, weka kijiti penye kila mbegu ili mtu asikanyage, na usifukue.

Shamba langu liko mteremkoni. Mvua imeosha udongo, mahindi yenye majani manne yana mizizi nje na maharagwe yanaegemea. Nipande upya? — Kasese

Usipande upya bado, ndugu. Kwa mahindi ya majani manne, sehemu inayokua bado iko chini au usawa wa udongo, kwa hiyo mmea ulio kijani una nafasi nzuri. Subiri udongo uache kunata kwenye jembe, kisha pandisha udongo kwenye shina kimo cha sentimita tano, ukiutoa upande wa juu wa mteremko, si upande wa chini. Yaliyolala yasimamishe kwa mkono wakati wa kupandishia. Kama mbegu zilifukiwa kina kisichofika sentimita nne, mizizi yake ya kudumu ilianzia juu mno na ikikuta udongo mkavu hugoma kukua, hivyo msimu ujao panda sentimita tano. Mizizi minene inayotoka kwenye pingili juu ya ardhi wakati mahindi yamefika kiunoni ni ya kawaida, hiyo usiihangaikie.

Maharagwe yafunikwe mpaka chini ya majani ya mbegu, kile kijicho cha katikati kibaki hewani. Yaliyong'oka kabisa na kulala juani siku nzima yaache, panda mengine penye pengo, bado mvua ipo. Na kata mifereji ya kukinga maji upande wa juu, mistari ya mazao ikate mteremko. Bila hivyo mvua ijayo itaifanya kazi hii yote upya.

Nilifunika mizizi ya miche yangu ya papai na kabichi kama mlivyowahi kushauri, nikamwagilia vizuri kila asubuhi na jioni. Siku ya nne ikaanza kuanguka, shingo imekuwa nyembamba ya kahawia. — Dada, Jinja

Pole sana, dada. Hiyo ni kinyausi, ugonjwa wa miche kuoza shingo, na vimelea vyake hukaa kwenye udongo wenye maji mengi na hewa kidogo. Uliziba mzizi vizuri, lakini maji mara mbili kwa siku kwenye udongo mbichi uliofunika shina laini ndiyo yaliyofungua mlango.

Kwa upande wa kabichi, sukuma wiki, bilinganya na nyanya, shina linaweza kufunikwa hadi majani ya mbegu. Papai haliwezi. Shina lake lina maji mengi na huoza, kwa hiyo funika mzizi tu, pale ulipokuwa umeishia udongo mwanzoni, hata kama mche utaonekana mrefu na dhaifu. Mche ukiinama, uegemeze kwa kijiti na uzi laini badala ya kuuzika. Matango na maboga nayo yafunike kwa tahadhari, sentimita moja, isizidi.

Miche iliyoanguka haitapona. Itoe pamoja na udongo wake kijiko kizima na uichome au uitupe mbali na kitalu. Iliyobaki, acha kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke kiasi cha pingili moja ya kidole, tandaza mchanga mkavu mwembamba kuzunguka shingo, na iondolee kifuniko ipate upepo. Kuanzia hapo mwagilia asubuhi pekee. Usinyunyize majivu juu ya mizizi iliyo wazi kama wengi wanavyofanya. Majivu mengi yana chumvi na huunguza vinyweleo.

Udongo wa kusia tena usiuchukue kitandani humo. Ukiwa mdogo, kiasi cha ndoo moja, umwagie maji yanayochemka mpaka ulowe wote, ufunike, usubiri upoe na kuchuruzika siku nzima. Ukiwa mwingi, ulowanishe, utandaze unene wa kiganja, uufunike na nailoni inayoonyesha, kingo zote zifukiwe, ukae juani wiki nne hadi sita. Hiyo ni kazi ya Desemba na Januari, jua likiwa kali, ili Machi ikukute uko tayari.

Nimeotesha mbegu ya ovakado kwenye glasi ya maji. Mzizi umefika sentimita nane, ncha ikakatika nilipoihamisha. Mbegu nayo nusu iko nje. Imekufa? — Ntinda, Kampala

Haijakufa. Mbegu ya ovakado ina chakula cha miezi, na mzizi uliokatika ncha utatoa matawi juu ya jeraha ndani ya wiki mbili au tatu. Nusu ya mbegu kubaki nje ni sawa, ncha ikitazama juu na kitako chini. Funika tu pale mzizi unapotokea kwenye mpasuko, kwa sababu hapo ndipo panapokauka upesi. Tumia chombo chenye kina cha sentimita 20 na matundu chini, na usikitie maji tena mpaka kidole kikiingia udongoni kitoke kikavu.